Rangi ya chumbani inavimba na kubambuka: ukuta wa choo na ukuta wa nje (Wete)

Bi_Utaani

Assalaam aleikum mafundi. Naombeni ushauri kabla sijatoa pesa mara ya pili.

Nyumba ipo Wete, Pemba, matofali ya saruji ya inchi 6, lipu ndani na nje, paa la bati. Chumba cha kulala kilipakwa rangi mwezi wa 12, mikono miwili ya rangi ya maji ile inayong'ara kidogo. Baada ya masika kuta mbili zimeharibika.

Ukuta wa kwanza unapakana na choo. Una malengelenge makubwa kama vitumbua kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, na jengine moja liko peke yake usawa wa kifua. Hilo la juu ukilibonyeza lina maji ndani.

Ukuta wa pili ni wa nje, unaelekea kusini, urefu mita 4 na kimo mita 3. Huo una malengelenge madogo madogo mpaka usawa wa kiuno, yakipasuka unatoka unga mweupe. Kuta mbili zilizobaki ni nzima kabisa.

Fundi wa rangi anasema tukwangue, tupige jipsamu, kisha tupake rangi ya mafuta ili maji yasipite. Ni sawa? Na vifaa vya ukuta wa pili ni kiasi gani?

FundiLipu

Waaleikum salaam dada. Msimamishe fundi kwanza. Hizo ni kuta mbili zenye maradhi mawili tofauti, na dawa aliyoitaja haitibu hata moja.

Anza na jambo dogo. Chukua kisu, kata lengelenge moja kila ukuta, utazame nyuma ya kile kigamba. Kikiwa na rangi tupu, na chini yake unaona rangi ya zamani au praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) imeshikamana vizuri, basi kosa ni la upakaji: vumbi halikufutwa, ukuta ulipakwa jua likiupiga, au rangi ya maji ilipandishwa juu ya rangi ya mafuta isiyopigwa msasa. Kigamba kikija na unga wa lipu, au ukiona lipu yenyewe tupu, basi kuna kitu kinasukuma kutoka ndani ya ukuta. Kwa maelezo yako naamini utakuta hili la pili kote.

Ule unga mweupe uonje kidogo kwa ncha ya ulimi. Ukiwa na ladha ya chumvi, umeshapata jibu la ukuta wa kusini. Chumvi hiyo huingia kwa njia tatu: mchanga wa pwani uliotumika kwenye tofali au lipu, maji ya kisima cha karibu na bahari yaliyokorogea saruji, au unyevu wa ardhini unaopanda na kuibeba. Mvua ikiulowesha ukuta, chumvi inayeyuka. Ukuta ukianza kukauka, maji yanatoka upande wa ndani na chumvi inabaki nyuma ya rangi, inaganda kuwa chembe, na chembe zikikua zinainua rangi. Kisha kuna jambo ambalo watu wa bara hawalihisi kama sisi: chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi. Visiwani kwetu unyevu hupita hapo mara nyingi, khasa usiku. Kwa hiyo ukuta wenye chumvi unaweza kulowa na kukauka kila siku bila hata tone la mvua, na kila mzunguko unabambua rangi zaidi.

Jipsamu kwenye ukuta huo ni hasara. Inanyonya maji, inalainika, inatoka pamoja na rangi. Na rangi ya mafuta haizuii maji yasiingie, maana maji yanaingilia nje na chini. Inayazuia yasitoke. Yatapanda juu yatafute mwahali pa kutokea, na mwakani malengelenge yatakuwa usawa wa kifua badala ya kiuno.

Kabla ya kugusa ndani, zunguka nje. Tazama udongo umefika wapi ukilinganisha na sakafu ya chumba: unatakiwa uwe chini kwa sentimita 15 angalau. Kama umelundikana ukapita hapo, au kuna bustani imeegemea ukuta, chimbua. Tazama ukingo wa bati, una mlizamu au maji yanadondoka chini na kurukia ukutani? Matone yanayopiga ardhi ngumu yanalowesha ukuta mpaka sentimita 30 na zaidi. Kisha pita na tochi uitazame lipu ya nje, tafuta nyufa. Ukuta wa kusini ndio unaopigwa na mvua ya masika pepo za kusi zikianza, na ufa mwembamba kama unywele unatosha kuingiza maji.

RangiDarajani

Naungana na FundiLipu kuhusu jipsamu, ila nisingeitupa rangi ya mafuta moja kwa moja. Kama maji yamezibwa kweli na ukuta umekauka, doa la manjano lililobaki haliondoki kwa rangi ya maji. Hata ukipaka mikono mitano linarudi kujitokeza. Hapo mkono mmoja wa praima ya mafuta juu ya doa peke yake, kisha rangi ya maji juu yake, ndiyo kazi inayofaa. Lakini ni juu ya doa lililokauka, la uvujaji uliokwisha. Kuipaka ukuta mzima wenye unyevu ni kosa, na kwenye lipu mpya ni kosa kubwa zaidi: saruji mbichi ina ukali unaogeuza mafuta ya rangi kuwa kama sabuni, inanata na kuteleza hata kama ukuta ni mkavu.

Dada, na hiyo rangi inayong'ara nayo ina mchango. Kadiri rangi inavyong'ara ndivyo inavyouziba ukuta usipumue. Kwa ukuta wa nje wa nyumba ya kisiwani chukua ile isiyong'ara kabisa. Itashika uchafu haraka kidogo, sawa, lakini unyevu mdogo utapita bila kuiinua.

Kuna kipimo kimoja rahisi kabla hamjaanza. Kata nailoni nyepesi, nusu mita kwa nusu mita, uibandike ukutani kwa utepe pande zote nne bila kuacha upenyo, uiache siku moja hadi mbili. Bandika moja kwenye sehemu mbovu na moja kwenye ukuta mzima ili ulinganishe. Ukikuta matone upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya chumba inayogandia kwenye ukuta wa baridi, na hilo huonekana zaidi penye kiyoyozi au jiko lisilo na dirisha. Tiba yake ni kupitisha hewa.

BombaLaChake

Mimi nitashika ukuta wa choo tu. Hilo lengelenge la peke yake kifuani lenye maji ndilo linalonitia wasiwasi. Unyevu wa ardhini hauruki goti ukatokea kifuani. Hapo nyuma yake kuna bomba, kwa uwezekano mkubwa kiungo cha fereji au cha bomba la mvua la kuogea.

Tenganisha mabomba na sakafu. Usiku wa kwanza, funga fereji zote za nyumba, zuia maji yasiingie tangini, tia alama ya usawa wa maji ndani ya tangi kwa kalamu, uache hadi alfajiri mtu asichote. Maji yakishuka, kuna bomba linalovuja baina ya tangi na fereji, au tangi la choo linapitisha. Funga koki ya tangi la choo usiku wa pili urudie. Yakiendelea kushuka, ni bomba la ndani ya ukuta.

Tangi likibaki pale pale, nenda kwenye sakafu ya choo. Iache ikauke siku mbili. Ziba tundu la maji kwa kitambaa kilichofungwa nailoni, jaza maji kina cha sentimita 2 au 3, tia alama ukutani, funika mlango hewa isiyakaushe, uache saa 24. Yakishuka zaidi ya milimita chache, sakafu au pembe baina ya sakafu na ukuta inapitisha. Watu wengi hutia bluu ya kufulia kwenye maji hayo ili waione ikitokea chumbani. Ikitokea, umepata ushahidi. Isipotokea, usiridhike, kwa sababu lipu huchuja rangi na kupitisha maji matupu.

Bomba likiwa ndilo, vunja kipande cha ukuta upande wa choo, si upande wa chumba, badilisha kiungo, kisha lipime kwa maji saa 24 kabla ya kufunika. Nimesisitiza kabla ya kufunika maana hapo ndipo pesa za watu zinapopotea.

Bi_Utaani

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimefanya vyote.

Kisu: kuta zote mbili vigamba vimetoka na unga wa lipu. Unga wa ukuta wa kusini ni chumvi tupu. Nailoni: ukuta wa kusini matone yako upande wa ukuta, ukuta mzima mkavu. Tangi: limeshuka karibu vidole viwili kwa usiku mmoja, na kufunga koki ya choo hakukusaidia, kwa hiyo fundi bomba anaanza kesho upande wa choo. Nje upande wa kusini udongo umepita usawa wa sakafu, na mlizamu hakuna. Lipu ya nje ina ufa mmoja mrefu chini ya dirisha.

Sasa nipeni mpango wa ukuta wa kusini.

FundiLipu

Vizuri sana. Kazi ya nje iende kwanza yote. Shusha udongo ufike sentimita 15 au 20 chini ya sakafu, upana wa nusu mita, utie mteremko wa kuelekea mbali na nyumba, ujaze kokoto kina cha sentimita 10 ili matone yasiruke. Weka mlizamu. Ufa uupanue kwa patasi mpaka milimita 5 hivi, ufute vumbi, ulowanishe, ujaze. Ufa ulioachwa kama ulivyo ukapakwa rangi juu utafunguka tena.

Ndani, piga mstari sentimita 50 juu ya alama ya juu kabisa ya ubovu, ung'oe lipu yote chini yake mpaka tofali lionekane. Usifanye viraka viraka. Kifusi kitoke nje siku hiyo hiyo, kisirudi kuchanganywa, maana chumvi iko humo.

Tofali lisugue kwa burashi ya waya LIKIWA KAVU. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu wengi hukimbilia kuosha. Ukimwaga maji unaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Sugua, fagia, toa nje, ngoja wiki, unga utatoka tena, sugua tena. Ukiona bado unatoka kwa wingi, paka tope la udongo mweupe au karatasi iliyolowekwa na kupondwa, unene wa sentimita 1 au 2, kwa maji ya mvua. Liache likauke kabisa lianze kujibandua, litupe. Likikauka linavuta chumvi kutoka kwenye tofali. Mara mbili au tatu zinatosha.

Kisha subiri. Kadirio la mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya ukuta uliolowa chepechepe. Wako haujalowa kiasi hicho, na umeshavuliwa lipu, lakini usitegemee chini ya miezi miwili. Madirisha wazi, kabati lisiegemee. Hiki kipindi cha kipupwe na upepo wa kusi ni kizuri kwa kukausha. Rudia nailoni, ikitoka kavu ndipo upige lipu.

Vipimo: alama yako iko usawa wa kiuno, tuseme mita 0.9, ukiongeza nusu mita ni 1.4. Mara mita 4, ni mita za mraba 5.6. Kwa unene wa milimita 15 unahitaji mchanga kama lita 105, saruji lita 17 hadi 18 na chokaa lita 17 hadi 18. Hesabu kwa ndoo ya lita 20: mchanga ndoo 5 na robo, saruji na chokaa kila moja ndoo moja kasoro kidogo. Yaani saruji 1, chokaa 1, mchanga 6 (1:1:6). Saruji ni nusu ya mfuko wa kilo 50. Chokaa ndiyo inayoilainisha lipu ipumue, usikubali akwambie saruji tupu ndiyo imara. Ni imara, ndiyo, na ndiyo itakayobambuka kwa vipande vikubwa.

Mchanga upimwe kabla haujashushwa. Chukua konzi mbili ndani ya gilasi ya maji safi, koroga, ngoja utulie, mimina yale maji ya juu kwenye sahani nyeusi uyaanike juani. Ukibaki ukoko mweupe, mchanga huo una chumvi, mwambie aurudishe. Na maji ya kukorogea yawe ya mvua au ya fereji.

Lowanisha tofali kidogo kwa burashi kabla ya kupiga, tupia rasharasha ya saruji na mchanga 1 kwa 3 kwanza ili lipu ishike, ngoja ikauke siku mbili, halafu lipu kwa mikono miwili. Inyunyizie maji asubuhi na jioni siku 5 hadi 7.

RangiDarajani

Baada ya hapo lipu ikae wiki 4 bila kupakwa chochote. Ukianza kung'oa mwezi huu wa 6, lipu itapigwa mwezi wa 8 na rangi mwisho wa mwezi wa 9, kabla ya vuli. Ratiba ikikusukuma mpaka vuli imeanza, afadhali uiache lipu uchi hadi kaskazi. Ukuta usio na rangi miezi mitatu haudhuriki kitu.

Kulainisha, tumia puti yenye asili ya saruji, tabaka mbili nyembamba, zote mbili zisizidi milimita 2. Msasa namba 120 kisha 180. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu mdogo, ngoja ukuta ukauke. Pitisha kiganja: kikitoka cheupe, bado.

Ukuta wa mita 4 kwa 3 ni mita za mraba 12. Praima ya kustahimili ukali wa saruji, mkono mmoja, lita moja na nusu. Rangi ya maji isiyong'ara, mikono miwili, kwenye ukuta wetu wa kawaida lita moja inafika mita 8 hadi 10, kwa hiyo lita 3. Nunua kopo la lita 4, kitakachobaki kihifadhi kwa viraka. Mkono wa kwanza uzimue kwa maji kama kopo linavyoelekeza, wa pili usiuzimue. Baina yake saa 4 siku kavu, na siku ya unyevu ngoja hadi kesho yake. Lengelenge dogo linalotokea ndani ya saa chache za kupaka mkono wa pili kwa kawaida ni haraka hiyo hiyo. Rangi inayong'ara uliyonayo juu ya mstari ulipokatwa ipige msasa mpaka ng'aro iishe, la sivyo mpya itakaa kama ngozi.

Ukikuta koga, lioshe kwanza kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, sehemu 1 kwa maji sehemu 4, dakika 15, kisha suuza. Vaa glavu, fungua dirisha, na usiichanganye na dawa nyengine yoyote ya chooni, inatoa hewa ya sumu.

Mlangoni_Malindi

Nidakie hapo hapo. Nyumba ya Mji Mkongwe, ukuta wa mawe na chokaa, unene zaidi ya nusu mita. Ndani palipigwa lipu ya saruji hadi mita moja na nusu, juu yake rangi ya mafuta. Sasa imevimba yote na ukigonga inalia tupu. Huo mpango wa 1:1:6 unafaa?

JiweNaChokaa

Haufai, ndugu yangu. Usitie saruji hata kijiko.

Ukuta wa mawe ya matumbawe haukujengwa kuzuia maji. Unayavuta kutoka chini, kisha unayatoa kwa hewa pande zote mbili, na chokaa ndiyo inayoyapitisha. Lipu ya saruji imeufunga mdomo. Mlio mtupu unakwambia lipu imeshaachana na jiwe, na nyuma yake chokaa ya kujengea inalowa, inageuka unga. Kwa hiyo rangi ni jambo la mwisho hapo. Kinachoharibika ni ukuta wenyewe.

Ing'oe saruji polepole kwa patasi na nyundo ndogo, kuanzia juu. Usitumie mashine ya kutikisa, mawe yamekaa kwa chokaa laini na yanaweza kusogea. Ukikuta mianya, ijaze kwa vipande vya mawe na chokaa. Ukikuta mwanya unaoingia mkono mpaka kiwiko, simamisha kazi umwite fundi wa nyumba za kale kabla hujaendelea. Rangi ya mafuta ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu: ikwangue ikiwa imeloweshwa, vaa barakoa, watoto wasiwepo.

Uache ukuta wazi kadiri unavyoweza, mwaka mzima si mwingi kwa unene huo. Lipu mpya ni chokaa iliyozimwa na kulala kwenye maji wiki kadhaa, sehemu 1, na mchanga mkali uliooshwa, sehemu 3. Kila tabaka lisizidi sentimita 1, na la pili lisubiri la kwanza lishike, siku 7 hadi 10. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa ya ukaa huku ina unyevu, kwa hiyo ikikauka haraka inabaki unga. Tundika magunia maji maji mbele yake, usiigusishe.

Juu yake chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono 4 au 5, ukuta ukiloweshwa kabla ya kila mkono. Itaonekana kama maji mwanzoni, weupe unakuja ikikauka. Hiyo haitoi malengelenge kwa sababu haina ngozi ya kuinuliwa. Itapukutika kidogo kidogo karibu na sakafu chumvi inapotoka. Unafagia, unapaka mkono mmoja tena kila mwaka.

Na kwa kuwa ni ndani ya eneo la hifadhi, pita Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kung'oa.

Mlangoni_Malindi

Na ukuta huo una madaka mawili ya kuwekea vitu. Ndani ya daka nako ning'oe?

JiweNaChokaa

Gonga kwanza kwa kifundo cha kidole, daka zima, pande tatu na mgongo. Mara nyingi ndani ya madaka hubaki lipu ya asili ya chokaa, na hiyo ikilia nzito iache, paka chokaa juu yake tu. Mgongo wa daka ndipo ukuta ulipo mwembamba, kwa hiyo hata ikibidi kung'oa tumia patasi nyembamba kwa mkono, bila nyundo.

Bi_Utaani

Fundi bomba ameshafungua. Kiungo cha bomba la kuogea kimekatika nusu, usawa ule ule wa kifua. Kimebadilishwa, tumeacha wazi saa 24 kama alivyosema BombaLaChake. Je, malengelenge ya chini hadi gotini kwenye ukuta huo huo ni maji hayo hayo yaliyoshuka, au nipime sakafu ya choo pia?

BombaLaChake

Yanaweza kuwa hayo hayo, maji ya kiungo hushuka ndani ya matundu ya tofali yakakaa chini. Lakini pima sakafu, ni saa 24 tu na ndoo chache za maji. Ukuta haujafunikwa bado, ndio wakati wake.